Barometa ya Kale na Maneno ya Usoni Mwake

Chombo kilichoundwa kwa ustadi huweza kusema uongo, na fundi wake asiwe mwongo. Jambo hili laonekana wazi katika barometa za kale zisizotumia zebaki, ziitwazo aneroidi, ambazo wakusanyaji huzisifu kwa mng'aro wa shaba na uzuri wa maandishi. Sifa hizo ni za haki. Walakini zachanganya kazi mbili ambazo mhakiki hana budi kuzitenga: kazi ya tumbo la chombo, na kazi ya uso wake.

Yafaa kuanza na tumbo. Mnamo mwaka 1700 Leibniz alikwisha kuwaza juu ya mvukuto uliofungwa, ambao hewa ya nje ingeubana au kuuachia. Lakini ufundi wa madini wa zama zake haukuweza kulitimiza wazo hilo. Lilingoja karibu karne moja na nusu, hata Mfaransa Lucien Vidie alipokipatia chombo chake hataza mwaka 1844. Kiini chake ni kibweta cha madini membamba, chenye mikunjo ya duara kama viwimbi vya maji yaliyotupiwa jiwe, nacho kimetolewa hewa ndani. Kibweta chenye upana wa sentimita 5 hulemewa pwani na uzito wa hewa wa karibu kilo 20, na kingebonyea kabisa kama kamani imara isingekivuta. Hewa ikizidi uzito, kibweta hushuka, ikipungua, huinuka. Mwendo huo ni mdogo hata jicho haliuoni. Wenzo huupokea na kuupa wenzo mwingine, mkufu mwembamba kama wa saa huzungusha mhimili wa akrabu, na kamani nyingine, nyembamba kama unywele, huuzuia mkufu usilegee. Kilichokuwa chembe kimekuzwa mamia ya mara.

Hapa hakuna pambo. Kila kipande kina sababu ya kuwapo, na kikiondolewa kimoja vyote hunyamaza. Mtunzi aijuaye mizani ya shairi ataitambua nidhamu hii bila kufundishwa utengenezaji wa saa.

Uso una habari nyingine. Katika barometa nyingi za Kiingereza za karne ya 19, penye inchi 28 pameandikwa Tufani, penye 29 Mvua, penye 29 na nusu Mabadiliko, penye 30 Hali Njema, na penye 31 Ukavu Mkuu. Maneno hayo hayakutungwa kwa ajili ya aneroidi. Yalirithiwa kutoka barometa za zebaki, zilizokuwa zikiandikwa hivyo Uingereza tangu mwisho wa karne ya 17. Ni maneno ya nchi iliyo karibu na usawa wa bahari, ambako dhoruba zipitazo huushusha na kuupandisha uzito wa hewa kwa kiasi kikubwa.

Maandishi hujulikana yanapopelekwa mahali yasipoandikiwa. Singe, katika mji wa Babati, mkoani Manyara, pana mwinuko wa zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Kibweta kilichobeba kilo 20 pwani hubeba pale kama 17 tu, na uzito wa hewa husimama kati ya inchi 25 na 26. Barometa iliyolinganishwa pwani ikiletwa Singe siku kavu ya Agosti, wakati wa mavuno ya mbaazi na mbingu ikiwa nyeupe, akrabu itaipita Tufani na kutoka nje ya maneno yote. Tumbo limesema kweli kamili: hapa ni juu, hewa ni nyepesi. Uso ndio uliokosa neno la kuipokea kweli hiyo.

Mtetezi atajibu kwamba mafundi waliweka parafujo nyuma, ili akrabu isogezwe ilingane na mahali. Jibu ni zuri, lakini si timilifu. Kwanza, parafujo ya barometa ya nyumbani aghalabu haikukusudiwa kufidia mwinuko mkubwa kama huo. Pili, hata ikisogezwa, Singe pana latitudo ya digrii 4 hivi kusini mwa ikweta, na huko uzito wa hewa huenda kwa saa: hupanda kilele mnamo saa nne asubuhi, hushuka mnamo saa kumi jioni, tofauti ikiwa kama milibari 3 au 4, kisha hurudia mwendo huo usiku. Mvua ya masika yaweza kunyesha bila kuugeuza sana mwendo huo. Akrabu itakuwa ikitaja saa, na uso utaifasiri kuwa habari ya mvua.

Robert FitzRoy, aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya Uingereza tangu 1854 na kupeleka barometa kwa wavuvi wa bandari ndogo, aliona kasoro hiyo kwao wenyewe: alifundisha kwamba maneno ya usoni yasitegemewe kama kupanda na kushuka kwenyewe. Hakuwa akichezea lugha. Maisha ya wavuvi yalitegemea usomaji huo. Wala Manyara neno la mvua si pambo. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilishusha tope kutoka mlima Hanang hadi Katesh, na zaidi ya watu 80 walikufa.

Kwa hiyo hukumu ya haki ni kumpa fundi wa tumbo sifa yake yote, na kumnyima mwandishi wa uso. Kasoro yake haikuwa ujinga wa nchi za mbali, ambazo pengine hakuwahi kuzifikiria. Ilikuwa kuandika neno la mahali pamoja bila kupataja mahali penyewe. Wala kasoro hiyo haiondolewi na tafsiri. Anayeandika Tufani penye neno la Kiingereza amebadili sauti tu, na akrabu ya Singe itabaki nje ya maneno ya Kiswahili kama ilivyobaki nje ya yale ya kwanza. Uso uifaao Singe ungeandikwa upya kutokana na mwendo wa akrabu pale pale: kimo cha mahali, saa za kupanda na kushuka, na nafasi tupu penye lile ambalo chombo hakiwezi kulijua.