Ametulia kwa Ajili ya Nani?

Kwetu Tanga mgonjwa wa akili hasemwi kuwa amepona. Husemwa ametulia. Jirani akipita asubuhi kuelekea gengeni, huchungulia uani, humwona kaka yangu amekaa kwenye mkeka akitazama kuku, kisha humwambia mama, "Alhamdulillahi, siku hizi ametulia." Mama huitikia, "Alhamdulillahi." Kaka mwenyewe haulizwi.

Nililisikia neno hilo kwa miaka minne bila kulitilia shaka, mpaka nilipokutana na kitabu ambacho jina lake ni kinyume chake. Kinaitwa An Unquiet Mind, yaani akili isiyotulia, na kilitoka mwaka 1995. Mwandishi wake, Kay Redfield Jamison, ni Mmarekani, mwanasaikolojia na profesa aliyetumia maisha yake ya kazi kuuchunguza ugonjwa uleule anaougua. Nilikisoma kwa ajili ya semina ya tawasifu, mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Nilikuwa nimeandaa hoja nzuri kuhusu msimulizi na wakati, na sikuitoa. Nilichokuwa nacho moyoni hakikuwa cha semina: kwamba nyumbani kwetu dawa ya kaka ilikuwa ikisagwa na kutiwa kwenye uji, na mimi nilikuwa nikijua.

Lakini tuanze na kitabu.

Mwaka 1974 Jamison aliajiriwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Haikupita hata miezi mitatu akawa amepanda: halali, anaongea bila kituo, ananunua asivyohitaji, vikiwemo vifaa vya kutibu walioumwa na nyoka. Ugonjwa huo siku hizi tunauita bipola. Yeye hulipenda zaidi jina lake la zamani, linalotaja pande zote mbili, yaani kupanda kwa wazimu na kushuka kwa sonona. Akaandikiwa lithiamu.

Visa vingi vya ugonjwa vingeishia hapo. Daktari ameipata dawa, mgonjwa ameimeza, tumshukuru Mungu. Kisa cha Jamison ndipo kinapoanza, kwa sababu aliimeza, akaiacha, akairudia, akaiacha tena. Huyu ni mtu aliyekuwa akifundisha wengine kwamba dawa hiyo isiachwe. Anazitaja sababu zake bila kujipamba. Alipenda kule kupanda. Dawa ilimtapisha na kumtetemesha mikono. Dada yake aliona kwamba kumeza vidonge ni kuiuza nafsi. Na zaidi ya yote kulikuwa na kiburi: kwa nini yeye, mwenye akili zote zile, ategemee kidonge? Kiburi hicho kilimfikisha kwenye sonona iliyokaribia kumuua.

Nguvu ya kitabu iko hapo. Katika riwaya ya Ken Kesey ya mwaka 1962, One Flew Over the Cuckoo's Nest, vidonge ni vya wodi. Vinagawiwa ili zamu ya muuguzi ipite kwa utaratibu, na msomaji anafurahi kila mgonjwa anapokificha kimoja. Riwaya zetu nazo zinajua kuanguka kwa mtu, kama Kazimoto wa Kezilahabi anavyoanguka mwishoni mwa Kichwamaji, lakini asubuhi inayofuata, yenye glasi ya maji na kidonge, ni nadra kuiona. Jamison ameiandika asubuhi hiyo mara nyingi. Kwake kumeza ni uamuzi, na uamuzi huo hauishi kwa kufanywa mara moja. Yumo hata ucheshi: ametunga orodha ya kanuni za kuikaribisha lithiamu maishani kwa adabu, na mojawapo ni kuondoa vidonge kabatini kabla wageni hawajafika.

Ili nikipime kitabu kwa haki, ilinibidi nijue dawa hizi zinafanya nini. Pale kliniki tulikokuwa tukimpeleka kaka tuliambiwa kwamba kemikali za ubongo zimepungua na dawa inaziongeza. Ni maelezo mepesi, yanamfaa mama aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni. Ila dawa aliyopewa kaka, haloperidoli, haiongezi kitu. Inaziba. Dopamini ni mjumbe anayepita kati ya seli za ubongo, na haloperidoli hukaa kwenye milango ya kumpokea, ili akifika akute pamezibwa. Kelele hupungua. Mawazo yaliyokuwa yakikimbizana hupunguza mwendo, na mtu aliyekuwa hatarini anaweza kulala. Hilo si jambo dogo, na aliyewahi kukesha akimzuia nduguye asitoke barabarani usiku hawezi kulidharau.

Tatizo ni kwamba mjumbe huyohuyo ndiye anayeongoza mwendo wa viungo. Ukimzibia mlango mmoja umemzibia na mwingine. Misuli hukakamaa, mikono hutetemeka, mate hutoka. Wengine hupata hali ya miguu isiyokubali kukaa, wakawa wanazunguka uani kutwa kwa sababu ndani mwao kuna kitu kinawasukuma. Hali hiyo inaletwa na dawa, lakini anayetazama kwa nje huiona kama ugonjwa uliorudi. Kwetu tuliiona hivyo. Tukasema kaka hajatulia, dozi ikaongezwa, na miguu ikazidi.

Lithiamu ina tabia nyingine. Ni elementi namba 3 katika lile jedwali tulilokaririshwa sekondari, nyepesi kuliko metali zote. Daktari wa Australia, John Cade, ndiye aliyechapisha mwaka 1949 habari za wagonjwa waliopanda wakashuka kwa kupewa lithiamu, baada ya kuijaribu kwanza kwa panya-buku. Mwaka huohuo Marekani watu walikufa kwa kuitumia kama mbadala wa chumvi mezani, na nchi hiyo haikuidhinisha iwe dawa ya ugonjwa huu mpaka mwaka 1970. Namna inavyofanya kazi bado inabishaniwa. Kinachojulikana vizuri ni jinsi mwili unavyoichukua: figo huishughulikia kama chumvi ya kawaida, na nafasi kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni finyu. Kwa kawaida madaktari hulenga kati ya 0.6 na 1.0 milimoli kwa lita ya damu, ikipita 1.5 dalili za sumu zinaweza kuanza. Kuhara, jasho jingi, hata vidonge vya maumivu kama ibuprofeni, vinaweza kuipandisha. Kwa hiyo anayeitumia lazima apimwe damu, na aendelee kupimwa.

Nayaeleza haya kwa sababu sura iliyonishika kuliko zote haieleweki bila ya kujua dozi. Jamison anasimulia kwamba kwa zaidi ya miaka 10 hakuweza kusoma kitabu kizito. Alianza ukurasa, akarudi mwanzo, akaandika pembeni, akasahau. Alibaki na mashairi na vitabu vya watoto. Mtu aliyekulia kwenye vitabu, mwalimu wa chuo kikuu! Baadaye dozi ilipunguzwa na kusoma kukarudi. Anaandika kuhusu kurudi huko kama mtu aliyefunguliwa dirisha katika chumba ambacho alishazoea kiza chake. Wazimu haukurudi. Muda wote ule alikuwa ametulia kupita kiasi, na waliomzunguka hawakuwa na sababu ya kulalamika, kwa kuwa hakumsumbua mtu.

Nilifunga kitabu nikamkumbuka kaka. Yeye hakupoteza kusoma. Alikuwa akipiga kinanda katika kikundi cha taarabu, harusi mbili au tatu kwa mwezi. Alipopanda aliiweka rehani cherehani ya mama akanunua spika sita kwa ajili ya onyesho ambalo halikuwepo. Alipotibiwa, vidole vilikakamaa. "Vidole hivi si vyangu," aliniambia siku moja, akivitazama. Nikamwambia ashukuru, angalau sasa analala. Kila alipohudhuria kliniki aliulizwa kama anasikia sauti na kama anapata usingizi. Hakuulizwa kama anapiga kinanda, na sisi hatukutaja.

Ndipo nilipoona pia mahali kitabu kinapopungua. Mwishoni Jamison anajiuliza kama angepewa hiari angechagua kuwa na ugonjwa huu, na anajibu kwamba angechagua, mradi lithiamu ipo na inamfaa. Bila hiyo asingechagua. Wasomaji wengi hulipenda jibu hilo kwa ushujaa wake. Mimi nilikwama kwenye "mradi". Ndani yake mna daktari yuleyule aliyemwona kwa miaka mingi. Mna maabara, mna kazi ambayo hakufukuzwa. Mna kaka yake mchumi, aliyekuja kukaa naye sakafuni kuchambua risiti na akakopa fedha kulipa madeni ya wazimu. Kitabu kinamshukuru kwa moyo, lakini hakiigeuzi shukrani hiyo kuwa hesabu. Hakiulizi mtu asiye na yote hayo achague nini. Sura za mwisho, ambamo mapenzi yanageuka nusu ya tiba, zinanifikia kama barua nzuri iliyoandikiwa mtu wa nyumba ya jirani.

Hata hivyo hesabu hiyo ndiyo iliyonipa jambo la kulipia. Sisi hatukuwa na vipimo vya kila mara wala daktari mmoja. Lakini kumwambia mgonjwa anachomeza hakuuzwi dukani. Hilo tulikuwa nalo tukaacha kulitumia.

Tulianza kumficha dawa baada ya kuitema mara tatu. Mama alisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akatia kwenye uji wa mchele, akaongeza sukari. Nilikuwa likizo, nimesimama mlangoni mwa jiko. Nikamwuliza, "Mama, yeye anajua?" Akanijibu bila kugeuka, "Mwanangu, unataka niseme ndugu yako afe?" Sikuwa na jibu, na kwa upande wake hakuwa amekosea: alikuwa akichagua kati ya uongo na kaburi, kama alivyoziona njia mbili zile. Nikaubeba uji nikampelekea mimi. Nilifanya hivyo likizo nzima.

Aligundua mwenyewe, kwa ungaunga uliobaki chini ya kikombe. Hakupiga kelele. Aliacha tu kula nyumbani. Akawa ananunua mihogo kituoni, anakunywa maji ya bomba aliyoyakinga mwenyewe, na kwa kuwa sasa hakumeza chochote, baada ya wiki chache alipanda vibaya kuliko mwanzo. Dawa hizi kuziacha ghafla ni hatari, na aliyemfikisha kwenye kuziacha ni sisi tuliokuwa tukizilinda. Jamison anaandika kwamba kidonge hakiwezi kumsaidia anayekataa kukimeza. Kwetu nilijifunza nyongeza yake: kinaweza kumdhuru aliyekimeza bila kujua, hata kama kimemtuliza, kwa kuwa kinamnyang'anya meza ya kwao.

Sisemi kwamba hakuna wakati wa kumtibu mtu asiyeweza kuamua. Upo, na sheria na madaktari wana kazi yao hapo. Nasema wakati huo hupita, na sisi tulijifanya kana kwamba haupiti.

Alipotoka wodini mara ya pili nilikwenda naye kliniki, na safari hii alizungumza mwenyewe. Alimwonyesha daktari vidole. Daktari, mwingine, kijana, alimkamata kifundo, akaukunja mkono taratibu kuusikiliza ukakamavu wake, akapunguza dozi na kumwongezea kidonge cha kulegeza misuli. Hakuna aliyeutaja uji. Tuliporudi mama alimkabidhi kaka kopo la dawa, akaenda chumbani kwake akakaa huko mpaka magharibi.

Kaka si mtu wa mwisho wa kitabu. Siku nyingine husahau vidonge, siku nyingine hujifanya amesahau. Bado hali uji. Lakini juzi nilipopiga simu nilisikia kinanda nyuma ya sauti ya mama, mkono wa kulia peke yake, unakosea palepale na kurudia palepale.

"Huyu leo hatulii," mama akasema, na sikuweza kujua kama anacheka au anaogopa. Nami moyo ulinienda mbio, maana hivyo ndivyo inavyoanzaga: muziki, kisha usiku bila usingizi, kisha spika. Nikataka kumwuliza mama kaka jana alilala saa ngapi.

Nikamwambia, "Mpe simu, nimuulize mwenyewe."