Ruger American: Mahali Ambapo Dola Zilibanwa na Mahali Zilipoachwa

Ukiishika Ruger American ya toleo la pili kwa mara ya kwanza, mkono unakutana na plastiki kabla ya chuma. Kitako chote, kuanzia panapoegemea bega hadi panaposhikwa na mkono wa mbele, kimemiminwa kwenye kalibu na kunyunyiziwa madoadoa ya rangi. Ukikigonga kwa kifundo cha kidole, kinalia utupu. Bolti nayo, ile nondo ya chuma inayoingiza risasi na kuifungia, inakwaruza kidogo inapovutwa nyuma. Kisha jicho linahamia kwenye mtutu, na hapo hadithi inabadilika: umechongwa mifereji ya kuzunguka kwa nje, umepakwa Cerakote ya kuzuia kutu, na mdomo wake umekatwa nyuzi na kufungwa kipunguza teke. Aliyezoea bunduki zenye kitako cha mjozi na chuma cheusi kinachong'aa ataona vitu viwili visivyofanana vimeunganishwa kwa skrubu.

Tofauti hiyo ni ya makusudi, na inafaa kufuatiliwa, kwa sababu kwa miaka mingi bunduki ya kuwindia ya bei ya chini ilikuwa na maana moja tu: bunduki inayokosa. Toleo la kwanza la Ruger American lilipoingia sokoni Marekani mwaka 2012 kwa bei elekezi ya dola 449, wengi walitarajia hivyo hivyo. Badala yake walikuta bunduki inayopanga risasi zake kwa ukaribu ambao zamani ulihitaji kulipia fundi.

Turudi nyuma kidogo, maana kuna somo lililomgharimu mwingine kabla ya Ruger. Winchester Model 70 ilitoka mwaka 1936, ikiwa na ndoano ndefu ya kushika ganda iliyorithiwa kutoka kwa Mauser ya 1898, na kazi nyingi ya mkono. Gharama za mafundi zilipopanda, mwaka 1964 kampuni iliisanifu upya ili ipungue gharama. Ndoano ile ikaondolewa. Nakshi za kitako zilizokuwa zikichongwa kwa patasi zikawa zinagandamizwa kwa mashine. Wanunuzi walikasirika, na mpaka leo bunduki iliyotengenezwa kabla ya 1964 huuzwa kwa bei ya juu kuliko iliyofuata. Winchester walibana matumizi hasa pale ambapo mteja huweka jicho na mkono wake, na mteja hakupata chochote kipya cha kumfidia kwenye shabaha.

Wengine walikuwa wameanza kufikiri kwa njia nyingine. Mwaka 1948 Remington walitoa Model 721 na 722, kazi ya mhandisi Mike Walker, ambaye mwenyewe alikuwa mpigaji wa mashindano ya shabaha. Resiva, yaani kile chuma kinachobeba bolti na kushikilia mtutu, ilikuwa zamani kipande chenye kona na pembe za kuchonga kwa saa nyingi. Walker aliifanya duara, ikawa inakerezwa kutoka kwenye nondo ya mviringo. Jino la kupokea teke, ambalo kwa Mauser ni sehemu ya resiva yenyewe, akalifanya bamba lililobanwa kati ya mtutu na resiva. Kazi ilipungua, na usahihi ukaongezeka, maana mashine ya kukereza hutoa mviringo ulionyooka kwa urahisi kuliko umbo lolote jingine. Remington 700 ya mwaka 1962 imejengwa juu ya wazo hilo hilo.

Lakini hatua iliyogeuza hesabu yote, kwa maoni yangu, ni nati moja. Ili kuielewa ni lazima kwanza tuingie ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Risasi ikishaingia na bolti ikafungwa, kuna nafasi ndogo mno kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda. Ikizidi, ganda linanyooka wakati wa mlipuko na linaweza kupasuka. Ikikosekana, bolti haifungi kabisa. Kipimo hicho zamani kilitafutwa kwa subira: fundi anaufunga mtutu mpaka bega lake likome kwenye resiva, anapima, anaufungua, anakwangua chemba kidogo, anaufunga tena, anapima tena. Mtu wa kufanya hivyo analipwa kwa ujuzi wake, na ujuzi huo haujifunzwi kwa wiki moja.

Nicholas Brewer, aliyesanifu Savage 110 ya mwaka 1958, alilikwepa tatizo lote. Aliuondoa ukomo wa bega la mtutu, akaweka nyuzi na nati ya kukaza. Unaingiza kipimo cha chuma ndani ya chemba, unafunga bolti, unazungusha mtutu mpaka uguse kipimo, unakaza nati. Basi. Anayefanya kazi hiyo hahitaji kuwa bingwa, na kipimo hutoka sawa kwenye bunduki ya asubuhi na ya jioni. Brewer pia alikitenga kichwa cha bolti kiwe kipande cha peke yake kinachocheza kidogo, ili meno yake mawili ya kufungia yote yaegemee chuma. Nati ile ni mbaya kwa sura, inakaa pale mbele ya resiva bila haya, na wapenda bunduki nzuri waliicheka kwa miongo. Savage ilipofilisika mwaka 1988 na kuanza upya chini ya Ron Coburn, ni 110 iliyoibeba kampuni. Waliocheka waliishia kunakili. Angalia mahali mtutu wa Ruger American unapoingia kwenye resiva: nati iko pale.

Mtutu wenyewe ni habari ya pili. Ruger hufua mitutu yao kwa nyundo, chuma kikiwa baridi, mbinu iliyokuzwa Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na ambayo baadaye mashine zake zilijulikana sana kupitia kampuni ya GFM ya Steyr, Austria. Kipande kifupi na kinene cha chuma hutobolewa, kikaingizwa kijiti kigumu cha kabidi kilichochongwa umbo la mifereji ya ndani kinyumenyume. Nyundo za mashine hukipiga kutoka pande zote, chuma kinarefuka na kujibana juu ya kijiti, na kijiti kikitolewa mifereji imebaki ndani. Inachukua dakika chache. Mashine ni ghali sana, kijiti ni ghali, lakini mtutu mmoja mmoja ni rahisi, mradi utengeneze maelfu. Kwa hiyo unafuu wa bunduki hii una sharti: iuzwe kwa wingi. Fundi mwenye karakana ndogo hawezi kuiga hata akipewa michoro yote.

Sehemu ninayoipenda zaidi haionekani mpaka ufungue skrubu mbili za chini. Bunduki ya kawaida ina lile jino la teke linaloingia kwenye tundu la kitako. Tundu lisipolikaa sawa, chuma kinahama kidogo kila risasi inapotoka, na shabaha inahama nacho. Ndiyo maana wenye pesa huwapelekea mafundi wakamimina epoksi kuzunguka resiva ili iketi bila kucheza. Ruger wameliondoa jino kabisa. Ndani ya plastiki wamezika vipande viwili vya chuma cha pua vyenye umbo la V, kimoja mbele na kingine nyuma, na chini ya resiva kuna mikato inayovikalia. Unapokaza skrubu, miteremko ya V inaivuta resiva ikae katikati yenyewe, chuma juu ya chuma, na mtutu unabaki unaelea bila kugusa kitako. Kazi iliyokuwa ya epoksi na mkono sasa inafanywa na kalibu, mara moja, kabla bunduki haijawa bunduki.

Mtutu unaoelea una umuhimu wake. Risasi inapolipuka, mtutu hutikisika. Ukitikisika kwa namna ile ile kila mara, risasi zinakwenda pamoja. Kitako kikiugusa leo upande huu na kesho upande ule, zinatawanyika. Hapa ndipo plastiki ya bei nafuu inapoweza kuiangusha kazi yote: sehemu ya mbele ya kitako cha toleo la kwanza ilikuwa laini kiasi kwamba ukiibana juu ya mfuko wa mchanga, au ukivuta mkanda kwa nguvu, ingeweza kupinda na kuufikia mtutu. Anayeinunua iliyotumika apitishe karatasi kati ya mtutu na kitako huku mwenzake akiibana. Ikikwama, ajue la kurekebisha.

Bolti ina meno matatu badala ya mawili, na hilo lina faida na gharama yake. Kwa meno mawili, kwa kawaida unainua mkono wa bolti nyuzi 90 kuufungua. Kwa matatu, hapa ni nyuzi 70. Mkono hauigusi darubini, na unaweza kuingiza risasi nyingine haraka bila kuondoa kitako begani. Ila kuinua mkono huo ndiko pia kunakobana springi ya pini ya kugonga, na springi haijui kwamba umeipunguzia safari. Kazi ile ile ikifanyika ndani ya nyuzi 70 badala ya 90, nguvu inayotakiwa inapanda kwa zaidi ya robo. Ruger wameweka miteremko miwili ya kubania springi badala ya mmoja ili mzigo ugawanyike, na inasaidia, ingawa bolti mpya bado ni nzito kuinua kuliko ya Tikka T3 ya Finland, ambayo ina meno mawili na ulaini ambao sijauona kwenye bunduki yoyote ya bei hii.

Kuhusu kifyatulio, deni ni kwa Savage tena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati viwanda vingi vya Marekani vilikuwa vinauza vifyatulio vizito kwa kuogopa mashtaka mahakamani, Savage walitoa AccuTrigger: ulimi mwembamba katikati ya kifyatulio usipobonyezwa, bunduki haifyatuki hata ikianguka. Usalama ukiwa umeshalindwa na ulimi, uzito wa kifyatulio ungeweza kupunguzwa bila hofu. Ruger wanao ulimi wa aina hiyo, na mnunuzi anaweza kurekebisha uzito kati ya ratili 3 na 5, yaani karibu kilo 1.4 hadi 2.3. Kifyatulio kizito huivuta bunduki kando sekunde ile ile isiyotakiwa, kwa hiyo mabadiliko haya yamewasaidia wapigaji wa kawaida pengine kuliko mtutu.

Magazini ya toleo la kwanza ilikuwa ya plastiki, ya kuzunguka, ikibeba risasi nne. Ilijaa vizuri, lakini ndimi zake za kushikilia zililalamikiwa sana, na sishangai: plastiki nyembamba inayobonyezwa na vidole vya baridi porini haidumu. Toleo la pili, kwa risasi kama .308 na 6.5 Creedmoor, limehamia kwenye magazini ya muundo wa AI (Accuracy International) inayopatikana madukani kutoka kwa watengenezaji wengi. Inatokeza chini na inaharibu mstari wa bunduki. Naikubali hata hivyo.

Sasa kipimo cha haki ni kipi? Watu wa bunduki husifu inayopanga risasi ndani ya inchi moja kwa yadi 100. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu wa mkia mweupe, mnyama ambaye bunduki hii ilitengenezwa kwa ajili yake, ni kama sentimita 20 kwa upana. Kwa mita 200, bunduki ya inchi moja inatawanya karibu sentimita sita. Hata ingekuwa mbaya maradufu, mnyama angekuwa ndani ya uwezo wake. Kinachobaki ni pumzi na mkono wa mwindaji. Ndiyo maana kufukuzia nusu ya inchi kwenye bunduki ya kilo 2.8 naona ni kuhesabu kitu kisichoamua lolote porini. Wepesi huo una upande mwingine pia: .30-06 kwenye bunduki ya uzito huu inapiga teke la kukumbukwa, na kipunguza teke cha toleo la pili kinalituliza kwa kuyaumiza masikio ya kila aliye karibu.

Mwindaji wa nyati Tanzania asiitamani. Bolti hii husukuma risasi mbele bila kuishika mpaka inapoingia chemba, na anayekabili mnyama anayerudi kwa hasira bado ana sababu ya kutaka ile ndoano ya Mauser inayolikamata ganda tangu linapotoka kwenye magazini.

Tukirudi kwenye pesa, toleo la pili lilitoka mwishoni mwa 2023 kwa bei elekezi ya dola 729. Dola 449 za mwaka 2012 zilikuwa zimeshakuwa kama 600 kwa mfumuko wa bei wa Marekani, kwa hiyo mnunuzi alikuwa analipia takriban dola 130 za nyongeza: Cerakote, mifereji ya nje ya mtutu, nyuzi za mdomoni, kitako kinachorefushwa na kufupishwa, na kizuizi cha usalama cha hatua tatu. Kizuizi ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote, kwa sababu hatua ya nyuma huifunga bolti pia, huku ya katikati ikiruhusu kuitoa risasi chemba kifyatulio kikiwa kimefungwa. Cerakote inafaa penye mvua. Mifereji ya nje ya mtutu ni urembo, haijasogeza risasi hata kidogo, na ni hapo Ruger wameanza kutumia pesa kwa jicho la mteja, jambo ambalo toleo la kwanza lilikuwa limekataa. Nikiwa na dola 729 na duka lina toleo la kwanza ambalo kitako chake kimepita jaribio la karatasi, ningelichukua hilo, na chenji yote ningeipeleka kwenye darubini na risasi za mazoezi.