Ufalme wa Wema Utazamwapo kutoka Likasi: Uhakiki wa Michezo ya Kompyuta Inayofunza Watoto Kukabili Uonevu

Wahakiki wa fasihi ya watoto katika Kiswahili wamezoea kushughulikia ngano, vitendawili, hadithi na tamthilia za shule. Mchezo wa kompyuta wamewaachia wanasaikolojia na wafanyabiashara. Makala haya yanadai kwamba haikufaa kuwaachia. Mchezo unaokusudia kumfunza mtoto wema, na kumwonyesha la kufanya mbele ya mwonevu, ni kazi ya sanaa yenye fani na maudhui: una wahusika, una mgogoro, una mandhari na lugha. Zaidi ya hayo, una wazo fulani kuhusu chanzo cha uovu. Tunalichunguza wazo hilo tukiwa tumeuweka mbele yetu mji wa Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga, kwa kuwa huko kuna watoto wengi wanaokua na Kiswahili kama lugha yao ya kwanza, na kwa kuwa historia ya mji huo inaudai mchezo wa namna hii majibu ambayo huko ulikotungwa haukuulizwa.

Tuanze na mchezo unaojulikana zaidi. Mwaka 2017 kampuni ya Google ilitoa Interland, mchezo wa bure wa mtandaoni wenye nchi nne za kubuni. Mojawapo huitwa Kind Kingdom, yaani Ufalme wa Wema. Mchezaji hutembea na kurukaruka katika nchi yenye rangi za kupendeza, ambamo waonevu wamezagaa wakisambaza chuki. Akiwakuta wakazi walionuna huwatendea wema nao hung'aa. Akimkuta mwonevu humfungia njia na kutoa taarifa. Amani hurudi, alama huhesabiwa. Kwa upande wa fani hatuna la kulaumu: mwendo ni mwepesi, taswira zinavutia, na mtoto haelemewi na mahubiri. Hata dhamira yake kuu, kwamba tabia huambukiza iwe njema au mbaya, ni dhamira ambayo ngano zetu zinaijua vyema.

Udhaifu umo katika usawiri wa mhusika mwovu. Mwonevu wa Kind Kingdom hana jina, hana mama, hana nyumba anayorudi jioni. Hatujui aliishi wapi kabla ya kuvamia, wala anakwenda wapi baada ya kufungiwa njia. Fisi wa ngano za Kiafrika, pamoja na ulafi wake wote, anajulikana kijijini; ana shemeji, ana madeni, na kesho ataonekana tena kisimani. Tofauti hii inagusa maudhui yenyewe. Mchezo unaomfanya mwonevu kuwa mgeni asiye na uso humfunza mtoto kwamba uovu hutoka nje, na kwamba dawa yake ni kuuondoa usionekane. Kwa mtoto anayetukanwa na mtu asiyemjua kwenye simu fundisho hili lina faida, na tunakiri kwamba mchezo huu ulitungwa kwa ajili ya hatari za mtandaoni. Hata hivyo haukujiita somo la kutumia vitufe. Umejiita ufalme wa wema, na dai hilo lazima lipimwe.

Ndipo tunapofika Likasi. Mji huu, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, umegawanyika katika komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Ulikua kwa shaba na kwa reli. Kampuni ya Union Minière, ambayo mali zake zilikuja kuwa Gécamines baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ilileta wafanyakazi kutoka sehemu nyingi, na wengi walitoka Kasai. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Katanga, wakasoma na kucheza pamoja na wenzao, wakasema Kiswahili kilekile. Mwaka 1992, katika siasa za gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na chama cha UFERI, Wakasai walianza kufukuzwa. Makumi ya maelfu walisongamana kwenye kituo cha reli cha Likasi na katika majengo ya shule wakisubiri treni. Mwaka 1993 zamu ilifika Kolwezi. Neno lililotumika dhidi yao lilikuwa la Kiswahili cha mtaani, neno ambalo kila mtoto wa Likasi alilijua tangu alipoanza kusema: bilulu, yaani wadudu.

Mhakiki anaweza kuuliza: hayo ni mambo ya siasa, yanahusianaje na mchezo wa watoto? Yanahusiana kwa sababu uonevu ule ulipita katika njia zilezile ambazo uonevu wa uwanja wa shule hupitia: jina la utani, kicheko cha kundi, jirani anayenyamaza. Wengi wa waliofukuzwa hawakutendewa hayo na wageni. Walitendewa na watu wa mtaa mmoja, na katika hali hiyo kitufe cha kumfungia njia mwonevu hakina maana, maana waliofungiwa njia ni walioonewa. Mchezo unaostahili kuchezwa Likasi ungepaswa kumweka mtoto katika nafasi ngumu kuliko ya shujaa: nafasi ya yule anayesikia neno baya likitoka mdomoni mwa rafiki yake, au mwa mjomba wake.

Kazi iliyokaribia zaidi nafasi hiyo, kwa maoni yetu, ni FearNot!, iliyotengenezwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Ulaya katika miaka ya 2000. Humo mtoto hapigani na yeyote. Hutazama vipande vifupi vya tamthilia shuleni: Luke anamwonea John, anazisukuma chini daftari zake. Kati ya kipande na kipande, John humgeukia mchezaji na kumwomba ushauri, naye humwandikia: mpuuze, mwambie mwalimu, tafuta rafiki, mrudishie. John hujaribu, na huenda ushauri ukashindwa. Hapa pana mgogoro wa kweli wa kitamthilia, kwa sababu mchezaji hubeba lawama ya neno lake mwenyewe. Wabunifu wake walikiri kwamba waliazima kutoka kwa Augusto Boal wa Brazili, ambaye hadhira yake iliruhusiwa kuingilia igizo na kulibadili. Ulipojaribiwa katika shule 27 za msingi za Uingereza na Ujerumani, zenye watoto zaidi ya 1,000, ulionekana kuwasaidia walioonewa kujinasua katika kipindi cha kwanza baada ya mafunzo, kisha nguvu hiyo ikapungua. Matokeo haya ya kiasi yanatufanya tuuamini zaidi kuliko michezo inayotangaza ushindi.

Msomaji wa jarida hili ameshaona tunakoelekea. Katanga haikuhitaji kumngoja Boal. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi liliigiza kwa miongo mingi bila maandiko yaliyokamilika, kwa Kiswahili cha mjini, juu ya mume na mke, mwajiri na mfanyakazi, mkubwa na mdogo. Mazungumzo yalizaliwa mazoezini na kubadilika jukwaani. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha uchunguzi juu ya kundi hilo mwaka 1981. Johannes Fabian naye alieleza katika kitabu cha mwaka 1990 jinsi msemo mmoja kuhusu mamlaka ulivyogeuzwa na waigizaji hao kuwa mchezo mzima mwaka 1986. Katika sanaa hiyo mwonevu ana sauti, ana hoja, na mara nyingi anachekesha. Kwa nini basi anayetaka kuwatungia watoto wa Likasi mchezo wa kompyuta aanzie California?

Swali la lugha ni gumu zaidi, nalo haliwezi kumalizwa kwa kusema tu kwamba vipo vipindi vya watoto kwa Kiswahili. Vipo, tena vizuri. Ubongo ya Dar es Salaam ilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014 na kuwawezesha watoto kujibu maswali kwa ujumbe wa simu ya kawaida. Katika Akili and Me msichana wa miaka minne aishiye chini ya Kilimanjaro hujifunza, pamoja na herufi na namba, kuzitambua hisia zake na kuwa mwema kwa rafiki zake wanyama. Mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyotangaza washindi mwaka 2019, yalijaribu programu za Kiswahili katika vijiji vipatavyo 170 vya Tanga, kwenye vishikwambi visivyohitaji intaneti. Lakini Kiswahili cha kazi hizi ni sanifu. Mtoto wa Likasi husema batoto na bintu, husema njo pale ambapo mwenzake wa Tanga husema ndiyo. Atavielewa vipindi hivyo, ila atavisikia kama sauti ya mgeni mstaarabu. Na huruma haifunzwi vyema kwa sauti ya mgeni. Tuchukue mfano mmoja wa kisarufi: Kiswahili cha Katanga hudunisha kwa ka- na tu-, na katoto mara nyingi ni neno la mapenzi. Katika sanifu umbo la ki- huegemea upesi kwenye dharau. Mtunzi asiyelijua hilo atapoteza kifaa bora cha upole ambacho lugha hiyo inacho.

Tusisahau pia kwamba michezo hii yote humwelekeza mtoto kwa mtu mzima. Sheria ya Kongo ya Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto ilikataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria haikatazi jambo lisilotendwa. Mtoto aliyepewa jina hilo nyumbani amwambie nani? Mwalimu yupo, lakini tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure mwaka 2019 madarasa yamefurika. Mchezo usiotaja ugumu huu humpa mtoto ushauri ambao utamrudi.

Programu zilizofika fainali ya XPRIZE ziliachwa wazi ili yeyote azitumie na kuzibadili, na zinaonyesha kwamba kishikwambi kisicho na intaneti kinaweza kumhudumia mtoto. Kazi iliyobaki ni ya watu wa fasihi: kukusanya sauti za waigizaji na watoto wa Kikula na Panda, kutunga vipande vifupi kwa mtindo wa FearNot!, na kumpa Luke jina la Likasi, dada wa kumwita yaya, na sababu. Atakayeianza atalazimika kuamua mapema kama neno bilulu litasikika ndani ya mchezo. Sisi tungelitia, kinywani mwa mhusika ambaye mchezaji amekwisha kumpenda.