Manyani wa Adili Darasani: Juu ya Riwaya za Ajabu na Mafundisho ya Kusita

Mara kwa mara walimu wa sekondari hutuuliza kama yafaa kumpa mwanafunzi kitabu ambamo watu hugeuzwa kuwa wanyama, majini hutoa amri kwa wanadamu, na nchi nzima huelea angani. Swali hilo si la upuuzi, wala haliulizwi na watu wasiopenda vitabu. Mwalimu anayeliuliza anajua jambo ambalo mhakiki wa Paris, na pengine hata wa Dar es Salaam, aweza kulisahau: katika miji yetu mtoto aweza kufukuzwa nyumbani kwa sababu mtu amesema alimwona akiruka usiku.

Jambo hili si la kukisia. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha 41, imekataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, ikaliweka kosa hilo pamoja na kumtelekeza na kumtesa. Na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 ikafuata nyayo hizo. Nchi haiandiki katazo la namna hiyo katika katiba yake kama haina haja nalo. Huko Marekani, vitabu vya Harry Potter viliongoza orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi katika maktaba na shule kati ya mwaka 2000 na 2009, lakini aliyekuwa mashakani huko ni kitabu. Kwetu aliye mashakani ni msomaji. Basi mwalimu anayerudi nyuma mbele ya riwaya ya ajabu anayo sababu: anaogopa kwamba kitabu kitakuja kuthibitisha yale ambayo mtaa umekwisha kuyasema. Sisi twaona kinyume chake. Hata hivyo, twapenda kwanza kumpa haki yake, kwa maana watetezi wengi wa riwaya hizi hupita juu ya hofu hiyo kana kwamba ni ushamba tu.

Tuchukue kitabu kimoja badala ya kusema juu ya vyote. Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze mwaka 1952, akiijenga juu ya hekaya ya Abdallah bin Fadhil iliyomo katika Alfu Lela U Lela. Ikibali ametumwa na mfalme Rai kwenda kuchukua kodi kwa Adili, mtawala wa Janibu. Usiku anamwona mwenyeji wake akiwapiga manyani wawili kwa mjeledi, kisha akiwalisha kwa huruma. Habari inamfikia Rai, naye Adili anaitwa kujieleza. Hapo ndipo tunapojua kwamba manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu, na kwamba aliyewageuza ni Huria, binti wa mfalme wa majini, ambaye Adili alimwokoa zamani alipokuwa katika umbo la nyoka. Mjeledi wa kila usiku ni amri ya Huria. Adili anaitii huku moyo wake ukimuuma.

Katika hekaya ya asili ndugu hao waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert akawafanya manyani, na badiliko hilo halikosi maana: nyani ana mikono na uso, hivyo anayempiga hawezi kusahau kwa urahisi kuwa anampiga mtu.

Wenzetu wenye hofu husema kitabu hiki chafundisha mambo mawili mabaya: kwamba mtu aweza kugeuzwa mnyama, na kwamba aliyegeuzwa astahili mjeledi. La kwanza halitutishi sana. La pili ni zito, nasi hatutalificha. Mtoto aliyeshtakiwa hupigwa na kunyimwa chakula kwa madai kwamba mateso yatamtoa yule mwingine aliye ndani yake. Mwanafunzi aliyeona hayo kwa jirani, akisoma juu ya mjeledi wa Janibu, aweza kutikisa kichwa na kusema: ndivyo. Isitoshe, mwandishi mwenyewe amemsaidia kusema hivyo, kwa kuwa majina ya watu wake yamekwisha kutoa hukumu kabla ya matendo. Mtu aitwaye Hasidi tangu ukurasa wa kwanza atajiteteaje? Hiyo ni kasoro ya kitabu, na kasoro nzito kuliko majini yote yaliyomo. Mara nyingi sisi walimu huizidisha tunapofunga somo kwa swali lile lile la miaka yote, yaani hadithi inatufundisha nini, kisha tukaandika ubaoni kwamba wivu ni mbaya. Mwanafunzi hunakili, daftari hufungwa, na mjeledi hubaki palepale.

Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha 1970 juu ya fasihi ya ajabu, alisema kuwa uhai wa fasihi hiyo umo katika kusita: msomaji hajui kama tukio lielezwe kwa kanuni za maumbile au kwa kanuni nyingine zisizojulikana, na akishachagua njia moja, amekwisha kutoka katika ajabu hiyo. Kwa mizani hiyo Adili na Nduguze haimo, maana ndani yake nyani alikuwa mtu, na mambo yamekwisha. Todorov angeiweka upande wa maajabu yanayokubaliwa bila swali. Lakini mizani hiyo yamdhania msomaji ambaye ajabu ni mgeni nyumbani kwake. Msomaji wetu wa miaka kumi na mitatu hakulelewa hivyo. Yeye hasiti, anasadiki au anakana mara moja, kwa kadiri alivyosikia nyumbani na katika nyumba ya sala. Kwake kusita hakutangulii kusoma. Kusita ni tunda la kusoma, na sharti pawe na mtu wa kumfundisha.

Wala msomaji huyo si mjinga. Bibi akimsimulia habari za sungura na fisi, haamki asubuhi kwenda kumtafuta fisi yule. Hadithi ya jioni ina mlango wake: kuna mwito na mwitikio, kuna saa yake, na mwishoni kila mtu anajua kwamba ametoka. Riwaya nayo ina mlango, tena wenye jina la mtu: jalada, mwandishi, mwaka wa kuchapishwa. Uvumi hauna mlango. Hauna mwandishi wa kuulizwa, hauna ukurasa wa kurudia, na hausemi mahali ulipoanzia. Tukiondoa riwaya za ajabu darasani hatuondoi ajabu katika maisha ya mtoto. Twamwachia ajabu ya namna moja tu, ile inayodai kuwa ni kweli.

Mwandishi wa makala hii aliwahi kuisoma sehemu ya Ikibali mbele ya wanafunzi wa sekondari. Tulitazamia maswali juu ya majini. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akauliza, kwa Kiswahili cha mtaani kwake: «Mwalimu, ule Ikibali alikuwa anatafuta nini kule usiku?» Darasa likacheka, kisha likanyamaza. Hatukuwa tumelifikiria swali hilo. Wahakiki wengi humtazama Adili na mjeledi wake. Yeye alimtazama yule aliyeona. Twakiri kwamba hatujapata kusikia swali hilo likiulizwa pale mtu mzima anaposema kwamba alimwona mtoto wa jirani juu ya paa.

Tangu siku ile twakisoma kitabu kwa jicho lingine. Rai hakumhukumu Adili kwa habari iliyoletwa. Alimwita, akamsikiliza mpaka mwisho wa kisa kirefu, na kisha akaingilia kati ili mateso yakome. Hao waliopigwa walikuwa na hatia ya kweli. Hata hivyo mfalme aliona kwamba mjeledi umezidi. Mwalimu akisimama hapo, kitabu kinajibu chenyewe hofu ya wale wanaokiogopa. Akipita haraka kuelekea «funzo», hofu yao ni ya haki.

Kusadikika, ya mwaka 1951, yafaa zaidi kwa kusudi hili, ingawa ajabu yake ni nyembamba. Nchi imo angani, lakini mambo yake yote ni ya baraza la hukumu: Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kuingiza elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mema, wakatupwa gerezani. Safari hii jina linalohukumu limewekwa juu ya mshtaki. Tungependa vitabu hivi viwili visomwe kwa kufuatana, ili wanafunzi wenyewe waone tofauti hiyo.

Si kila riwaya ya ajabu yafaa kila darasa. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi twawaachia wa chuo kikuu; anayezipeleka kwa watoto atawachosha, wala hatawafundisha kusita, maana ndani yake hakuna ardhi imara ya kuondokea. Walenisi ya Katama Mkangi (1995), ambayo mtu wake husafirishwa mbali na dunia hii akafika kwa watu ambao jina lao, likikatwa vipande, ni «wale ni sisi», yaweza kusomwa na wakubwa wa sekondari.

Liko pia tatizo la lugha, dogo lakini la kuchekesha. Katika Kiswahili cha miji yetu ya Katanga mchawi ni mulozi, na wingi wake ni balozi. Mwanafunzi akisoma katika kitabu cha pwani kwamba balozi wa nchi jirani alipokewa kwa heshima na mfalme, yamkini akashtuka. Mwalimu asiyeeleza neno hilo mapema atakuwa ameingiza uchawi mahali ambapo mwandishi hakuutia.

Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 imezipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, nafasi ya kutumika katika kufundishia na ya kufundishwa zenyewe kama somo. Mlango umefunguliwa, vitabu ndivyo haba: nakala moja hupita mikononi mwa benchi zima. Kwa somo la Ikibali nakala moja yatosha. Sisi tulisoma kwa sauti mpaka pale anaporudi kwa Rai, tukafunga kitabu, tukawaomba wanafunzi waandike maswali ambayo mfalme angemwuliza yeye kwanza, kabla ya kumwita Adili. Yule msichana wa nyuma aliandika kumi na manne, na la mwisho lilikuwa hili: taa ilikuwa inawaka?