Neno "Labda" na Asili Yake

Katika kila lugha yako maneno madogo yafanyayo kazi kubwa. Hayana sifa kama majina ya wafalme na milima, wala mwanafunzi hayakariri usiku wa kuamkia mtihani; walakini yakiondolewa katika usemi wetu, kweli na dhana huchanganyika kama maji matamu na maji ya chumvi katika mlango wa mto. Moja katika maneno hayo ni kielezi labda. Nataka, msomaji, tulitazame pamoja: tujue limetoka wapi, ndugu zake katika lugha za mbali ni akina nani, na kama sisi tulitumialo kila siku twalitendea haki au twalidhulumu.

Kamusi zetu zakubali kwamba labda ni neno lililotoka katika Kiarabu. Asili yake ni maneno mawili, la budda. La maana yake ni hapana, na budda ni njia ya kuepuka. Yakiunganishwa, maana yake ni hapana njia ya kuepuka. Yaani lazima, sharti. Hapa yafaa usimame kidogo ustaajabu. Neno ambalo kwa Mwarabu hufunga mlango, kwetu huufungua. Yeye alitumia kwa jambo lisilo na hiari, na sisi twalitumia kwa jambo lisilo na hakika. Mwarabu akitaka kusema kile tukisemacho sisi kwa labda, husema rubbama au laalla. Au husema yumkin, neno ambalo nalo tumelipokea tukaliita yamkini.

Ajabu ya pili ni hii: maneno hayo ya Kiarabu hayakuingia kwetu kwa mlango mmoja. Yaliingia kwa milango miwili. Katika mlango wa kwanza, la lilivuliwa likaachwa nje, na mahali pake tukaweka ukanushi wetu wenyewe. Ndiyo sababu twasema sina budi, huna budi, hapana budi. Angalia vizuri: budi halisimami peke yake kamwe. Hakuna asemaye "nina budi kwenda." Neno hilo lataka ukanushi mbele yake, kama lilivyoutaka la kwao. Likiupata, maana yake ya kale yabaki kamili: sina budi kwenda ni kusema kwamba lazima niende. Katika mlango wa pili, maneno yote mawili yaliingia yameshikana mikono, yakawa neno moja, labuda, umbo ambalo bado laonekana katika kamusi, na hatimaye labda. Haya ndiyo yaliyobadilika tabia. Basi mtu aweza kusema, "Sina budi kwenda, lakini labda nitachelewa," na katika sentensi moja ametumia asili moja mara mbili, ya kwanza kwa lazima na ya pili kwa shaka, bila kujua.

Imekuwaje lazima ikageuka kuwa shaka? Jibu langu ni kwamba safari hiyo si ndefu kama idhaniwavyo. Tazama jinsi tutumiavyo neno lazima lenyewe. Ukipita usiku karibu na nyumba ya rafiki yako ukaona taa inawaka, utasema, "Lazima yumo ndani." Lakini ukiingia ukamkuta ameketi, hutasema tena hivyo, utasema tu, "Yumo." Lazima ya namna hii ni usemi wa mtu ambaye hajaona kwa macho yake, bali amekisia kwa dalili. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini aliyekwisha kulowa hana haja ya kutazama mawingu. Kwa hiyo kila lazima ya kukisia ina tone la shaka ndani yake. Neno likitumiwa hivyo siku nyingi, vizazi hata vizazi, lile tone huongezeka na ile lazima hupungua, mpaka siku moja neno lote limekuwa shaka.

Wala Waswahili si peke yao waliofanya hivyo. Wafaransa wana maneno sans doute, ambayo kila neno likifasiriwa peke yake maana yake ni bila shaka. Lakini Mfaransa wa leo akiyasema, maana yake ni yaelekea, yamkini. Akitaka kusema kwamba kweli hana shaka, hulazimika kuongeza neno jingine katikati, aseme sans aucun doute, bila shaka yoyote. Waingereza nao wana maneno kama hayo, no doubt, na mara nyingi ayasemaye ni mtu aliye na shaka kidogo. Hivyo pande mbili za dunia, bila kupelekeana barua, zimechukua maneno ya hakika zikayafanya ya dhana. Hili latuonyesha kwamba lugha hazibadiliki kwa kichaa. Ziko njia ambazo akili ya binadamu hupenda kupita.

Sasa tutazame njia nyingine ambazo mataifa yamepita kulitafuta neno hili. Wengine walikwenda kwa njia ya uwezo: Mfaransa husema peut-être, na Mwingereza maybe, na yote mawili ni "yaweza kuwa." Wengine walikwenda kwa njia ya bahati: perhaps ya Waingereza ina ndani yake neno la kale hap, maana yake bahati au tukio, ambalo pia ndilo lililozaa neno lao la furaha, happy. Wajerumani walikwenda kwa njia ya wepesi: vielleicht yao asili yake ni "kwa wepesi sana," kana kwamba jambo lisilo zito laweza kutokea. Waspania walikwenda kwa njia ya swali: quizás imetokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "nani ajuaye?" Wareno wana talvez, yaani "mara kama hiyo." Na Wahindi husema shayad, neno walilolipata kwa Waajemi, ambalo asili yake ni "yafaa" au "yastahili." Shaka ni moja, lakini kila taifa limeiona kwa upande wake.

Je, Kiswahili kina njia ngapi? Kina nyingi, na hapa ndipo penye utajiri tuuachao ufukwe ukaliwa na mchanga. Pengine ni neno letu wenyewe la Kibantu: ni pa ya mahali na -ngine. Kwanza ni mahali pengine, kisha ni wakati mwingine, kisha ni jambo lingine liwezalo kuwa. Limepita karibu njia ile ile ya talvez ya Wareno. Huenda nalo ni letu: ni kitenzi enda pamoja na hu ya mazoea, na hutaka kitenzi kinachofuata kiwe na umbo lake maalumu, huenda akaja, huenda asije. Ndani yake mna mwendo, kana kwamba mambo yako njiani na hatujui yataishia wapi. Yamkini lasema kwamba jambo limo katika uwezekano, na lafaa katika usemi wa hoja na hukumu. Asaa, ambalo latoweka vinywani mwa vijana, lina harufu ya tumaini: asaa akapona ni usemi wa mtu anayetaka mgonjwa apone.

Baada ya kuyaona hayo, na tuingie katika ukosoaji. Kosa la kwanza ni la kamusi. Kamusi nyingi huyaeleza maneno haya kwa kuzungusha: labda ni huenda, huenda ni pengine, na pengine ni labda. Msomaji huzunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, akarudi pale pale alipoanzia. Sikatai kwamba maneno hayo ni jamaa; nakataa kwamba ni mtu mmoja. Kamusi itakayosema kwamba asaa lina tumaini na yamkini lina hoja itakuwa imemsaidia mwandishi kuliko ile itakayompa orodha.

Kosa la pili ni la sisi tuandikao. Twapachika labda kila mahali, na wengine huyarundika, "labda huenda pengine atakuja," kama mtu aliyevaa kanzu tatu kwa hofu ya baridi. Maneno matatu ya shaka hayafanyi shaka kuwa sahihi zaidi. Hufanya msomaji ashuku kwamba mwandishi hakufikiri.

Kosa la tatu ni la wafasiri, nalo ndilo kubwa. Liko tumizi la labda ambalo halifasiriki kwa perhaps hata kidogo. Mvuvi wa Matsangoni akisema, "Leo siingii baharini labda upepo utulie," hasemi kwamba yamkini upepo utatulia. Asema kwamba upepo usipotulia, haingii. Vivyo hivyo mzazi amwambiapo mwanawe, "Hutafaulu labda usome," hatoi dhana, atoa sharti. Sikiliza vizuri, msomaji: hapo ndipo la budda ya kale ingali hai. Hapana njia ya kuepuka kusoma. Mfasiri ambaye amejifunza kwamba labda ni perhaps, basi, atamgeuza mzazi yule mkali kuwa mtu asiye na msimamo. Hajakosea neno moja tu, amempotosha mtu.

Huenda ukasema, hayo ni mambo madogo ya walimu wa lugha. Sivyo. Fikiri kijana wa pwani yetu aliyekwenda Oman au nchi nyingine ya Ghuba kutafuta kazi, kama wengi waendavyo. Bwana wake amwambia kwa Kiarabu kwamba la budda afike kazini alfajiri. Sikio la Kiswahili lasikia labda. Kijana afikiri amepewa hiari, kumbe amepewa amri. Fikiri tena shahidi mzee katika kesi ya shamba, asemaye Kigiriama, akafasiriwa kwa Kiswahili, kisha maneno yake yakaandikwa kwa Kiingereza. Kama mzee alisema, "Mpaka wapita penye mbuyu ule," na mmoja wa wafasiri akaongeza labda kwa adabu, ushahidi umelegea. Na kama mzee mwenyewe alisema kwa shaka, na mfasiri akaiondoa shaka ili sentensi iwe nzuri, mtu mwingine aweza kupoteza ardhi yake kwa neno ambalo halikusemwa. Katika nchi ambayo madai ya ardhi ya pwani yalianza kuandikishwa kwa sheria ya mwaka 1908, na ambayo mashauri ya mashamba hayajaisha, jambo hili si la mchezo.

Mfano wa mwisho nautwaa karibu na nyumbani. Katika magofu ya Gede, yasiyo mbali na Matsangoni, liko kaburi lililochongwa mwaka wa Kiislamu 802, ambao ni sawa na 1399. Hapo hapana labda. Tarehe imo katika jiwe na kila mwenye kujua kusoma aweza kuiona. Lakini ukiuliza kwa nini watu wa mji ule waliuhama, mambo hubadilika. Bwana James Kirkman, aliyeanza kuyachimbua magofu hayo mwaka 1948, na wanachuo wengine baada yake, wametaja sababu mbalimbali: mashambulio ya Wazimba mwaka 1589, kuhamia Mombasa kwa mtawala wa Malindi pamoja na Wareno mwaka 1593, kupungua kwa maji ya visima, na kuja kwa Waoromo kutoka kaskazini. Hakuna jiwe lililochongwa jibu. Mwanafunzi aandikaye, "Gede ilihamwa kwa sababu visima vilikauka," ameandika kama kwamba alikuwako. Aandikaye, "Yamkini maji yalipungua, na huenda hofu ya vita ikaongeza," ameandika kama mtu mwaminifu. Na aandikaye, "Labda kaburi lile ni la mwaka 1399," naye amekosa, maana ameiharibu hakika kwa shaka isiyo na haja. Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa hiyo wageni watazidi kuja kutuuliza, na heri tuwajibu kwa kipimo.

Wewe kijana wa Matsangoni, au wa mahali pengine palipo kama hapa, una bahati ambayo wengi hawana. Nyumbani huenda wasema matso na kitswa, shuleni waandika macho na kichwa, tena wafundishwa Kiingereza, na wenzako wengine chuoni wasoma Kiarabu. Mtu mwenye lugha nyingi ana mizani nyingi. Basi usiandike labda mpaka umejiuliza mambo matatu: Je, nimeona au nimesikia? Kama nimesikia tu, dalili yangu ni nini? Na je, natumaini, nakisia, au natoa sharti? Ukitumaini, liko asaa. Ukitoa hoja, liko yamkini. Ukitazama mambo yakienda usikokujua, liko huenda. Ukitoa sharti kama yule mvuvi, labda ni lako kwa haki ya asili yake. Na ukijua jambo kwa yakini, liseme bila kielezi chochote, uache sentensi isimame kwa miguu yake yenyewe.