Mvinyo wa Dodoma Hupangwa na Mkasi

Mgeni anayefika kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo cha familia mkoani Dodoma, iwe Hombolo au Mpunguzi, kwa kawaida hupelekwa moja kwa moja kwenye matangi. Huonjeshwa, hupiga picha, hununua chupa mbili akaondoka. Anayetaka kujua mvinyo ule umepatikanaje aanzie shambani, na aulize: mizabibu hii ilipogolewa lini?

Ufaransa swali hilo lina jibu moja kila mwaka. Baridi huulaza mzabibu, joto huuamsha, na mkulima huvuna mara moja, kwa kawaida Septemba au Oktoba. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwenye nyanda za juu zenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, na haina baridi ya kuulaza mmea. Kinachouamsha ni mkasi. Matawi yaliyokomaa yakikatwa, macho yaliyobaki huchipua, huchanua na kuzaa, na baada ya takriban miezi minne vichala vimeiva. Ndiyo maana huko huvunwa mara mbili: kuelekea Machi, kisha Agosti na Septemba.

Kwa hiyo anayeamua siku ya kupogoa ndiye anayeamua siku ya kuvuna. Kiwanda kikubwa kinachonunua zabibu kwa mamia ya wakulima hakina mamlaka hayo. Hupokea kilicholetwa, siku kilipoletwa. Familia inayolima na kusindika yenyewe inayo, na hapo ndipo udogo wake unapogeuka kuwa nguvu.

Tuchukue tangi la kuchachushia la lita 500. Zabibu nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, kwa hiyo takriban kilo 400 hulitosha na kuacha nafasi ya maganda kuelea. Ekari nzima ikipogolewa siku moja, zabibu zote huiva pamoja, tangi hufurika na zinazobaki huharibika au huuzwa kwa bei ya kutupa. Shamba likigawanywa vipande, kila kimoja kikapogolewa wiki moja au mbili baada ya kingine, mavuno huja kwa mafungu yanayolingana na chombo. Tangi lilelile hufanya kazi mara kadhaa katika msimu mmoja. Familia haihitaji mkopo wa matangi mapya, inahitaji kalenda.

Mavuno hayo mawili, hata hivyo, hayalingani. Mizabibu inayopogolewa mwishoni mwa mwaka hukuza vichala mvua zikinyesha, kati ya Desemba na Aprili. Majani hubaki na unyevu, ubwiri hushambulia, dawa huongezeka, na maji mengi huzimua sukari ya tunda. Mizabibu inayopogolewa mvua zikiisha hukomaza matunda wakati wa kiangazi, katika jua kali na hewa kavu, usiku ukiwa na ubaridi unaosaidia kulinda ukali wa tunda. Mkulima anayetaka kupunguza dawa hapungukiwi na mbinu: aegemee msimu wa kiangazi, apunguze majani yanayosonga vichala ili upepo upite.

Kiangazi nacho kina gharama yake, nayo ni maji. Baadhi ya visima vya Dodoma vina chumvi, na mahali penye mvua chache chumvi hiyo hubaki ardhini. Umwagiliaji wa matone hupunguza kiasi cha maji, hivyo hupunguza pia chumvi inayoingizwa shambani. Samadi husaidia udongo wa kichanga kushika unyevu, na katika nchi ya Wagogo, wafugaji wa tangu zamani, samadi haitoki mbali. Maganda na vikonyo vinavyobaki baada ya kukamua huozeshwa na kurudishwa shambani.

Mmea wenyewe pia una akiba yake. Kila unapokatwa hutumia wanga uliohifadhiwa kwenye shina na mizizi ili kuchipua. Ukilazimishwa kuzaa sana mara mbili kila mwaka bila kulishwa, hudhoofika. Mkulima makini hupunguza vichala katika msimu mmoja, au hukipumzisha kipande kimoja, na hasara ya leo humlipa baadaye.

Zabibu, tofauti na ndizi, haiivi tena ikishakatwa. Kwa hiyo sukari hupimwa kabla ya kuvuna. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja ya juisi huzaa asilimia 1 ya kileo. Juisi yenye gramu 210 kwa lita hutoa mvinyo wa asilimia 12 na ushei. Kuvuna alfajiri huleta tunda la baridi kiwandani, jambo la maana kwa sababu hamira inapokula sukari hutoa joto, na joto likikaribia nyuzi 35 hamira hiyo huanza kufa. Tangi dogo hupoteza joto upesi kuliko kubwa, na hilo ni nafuu kwa asiye na mtambo wa kupozea. Maganda yanayoelea husukumwa chini mara mbili au tatu kwa siku, ili rangi itoke na yasigeuke siki yakiwa juu.

Udhaifu wa tangi dogo ni hewa. Mvinyo mchache hupata hewa nyingi kwa kila lita, na hewa ndiyo huwawezesha bakteria kuugeuza siki. Dawa yake ni usafi, chombo kilichojaa hadi mdomoni uchachukaji ukiisha, na kipimo kidogo cha salfaiti ya kuhifadhi kwa wakati wake.

Kwa miaka mingi kilio cha wakulima wa zabibu Dodoma kimekuwa soko, na wengi wameshauriwa kukamua zabibu na kusindika mchuzi wake badala ya kusubiri mnunuzi wa tunda bichi. Ushauri huo ni sahihi, lakini ni nusu tu. Anayenunua tangi bila kubadili ratiba ya kupogoa amehamisha tatizo kutoka shambani hadi ndani ya nyumba. Wataalamu wa ugani na wakopeshaji waanze kwa kumwuliza mkulima kalenda yake ya mkasi. Ukubwa wa tangi utajulikana hapo.