Majani Bila Jina

Hapa Mlola, ukipeleka memori kadi kibandani ukaomba Bongo Fleva za zamani, unapewa fungu zima: Juma Nature, Professor Jay, Mangwair, Ferooz. Kila wimbo una jina la mwimbaji. Aliyeupika hatajwi. Ndugu msomaji, sehemu kubwa ya fungu hilo ni kazi ya mtu mmoja, P-Funk Majani wa Bongo Records, na kwetu vijiweni hayo ndiyo makusanyo ya kazi zake bora: hayana jalada, hayana mwaka, hayana mpangilio. Nimeyasikiliza kama kitabu, basi nayahakiki kama kitabu.

Saleh J alishika wimbo wa Vanilla Ice akautia Kiswahili mwaka 1991. Baada yake machizi wengi waliendelea kusukuma Kiswahili ndani ya midundo iliyokatwa kwa kipimo cha Kiingereza. Maneno yetu ni marefu na huishia na irabu; ukiyabana yanajaa mdomoni kama ugali wa moto. Majani aliyaachia nafasi. Ngoma nzito, besi ya taratibu, kinanda kidogo, halafu sauti ya mchanaji mbele kabisa, uisikie hata kwenye redio mbovu. Ndiyo maana "Machozi, Jasho na Damu" ya Professor Jay (2001) iliwafikia hata wazee walioita rap uhuni. Walikuwa wanasikia hadithi, bwana. Yule mwanasiasa wa ahadi tupu kwenye "Ndiyo Mzee" walimtambua mara moja. (Mwaka 2015 Jay mwenyewe akagombea ubunge Mikumi, akashinda.)

Lakini kinachonigusa zaidi ni Juma Nature. Sikiliza "Nini Chanzo" (2001), kisha "Ugali" (2003). Sauti ile iko kati ya kuimba na kulalamika, Temeke tupu. Mtayarishaji mwoga angeinyoosha. Majani aliiacha na makunyanzi yake, akajenga mdundo kuizunguka. Hiyo ni kazi ya mhariri, na mhariri wa namna hiyo sisi tunaoandika huku milimani hatujampata. Matokeo yake? Nasoma miswada ya washikaji: kila hadithi inaanzia Kinondoni, mhusika anadandia daladala, wakati mwandishi anaamka na ukungu wa Usambara na usafiri anaoujua ni Fuso la kabichi linaloshuka Mombo. Wagosi wa Kaya walitoka Tanga na neno letu "mgosi" mdomoni, nchi nzima ikawasikiliza. Nani kawaambia kuwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisambaa hakichaneki?

Sasa lawama. Ukisikiliza nyimbo kumi mfululizo, zinaanza kufanana. Mtu anayejua ngoma gani inapiga hupenda kuirudia. Kwenye fungu hili akina dada wako kwenye viitikio tu, na hapo siwezi kumlaumu mwenye kibanda peke yake, kwa sababu mikrofoni za zama zile zilishikwa na wanaume. Halafu "Starehe" ya Ferooz, kilio cha mgonjwa wa UKIMWI, inafuatwa na "Mikasi" ya Mangwair, sherehe ya kula bata. Wengine wanaona ni unafiki wa studio moja. Mimi naona ndivyo vijana wa miaka ile walivyoishi, mazishi asubuhi na muziki usiku, na nafurahi kwamba hakuna aliyezitenganisha.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua hata mtayarishaji wa rekodi. Memori kadi haimjui. Ningepewa mimi kupanga makusanyo ya kweli, yenye majina na miaka, ningefungua na Nature, nimfuatishe Jay, hizo mbili zinazogombana nizibakize pamoja katikati. "Ghetto Langu" ya Mangwair, aliyefariki Afrika Kusini tarehe 28 Mei 2013, ningeiweka karibu na mwisho. Baada yake ningeacha mdundo wake mtupu upige hadi uishe, bila sauti ya mtu.